Kivuko cha Kitambaa

Mama yangu na mdogo wake wanaishi wakitazamana. Ukisimama mlangoni kwa duka langu la ushonaji na kuinua macho juu ya magari, unaona kibaraza cha Mama Mdogo ng'ambo, na dirisha lenye pazia la maua nililolishona mwenyewe. Kila asubuhi Mama anatoa kiti chake nje, Mama Mdogo anavuta pazia, kisha wanapungiana mikono kama watu wanaoagana stesheni, ila hakuna anayeondoka.

Katikati yao iko barabara. Zamani ilikuwa nyembamba na yenye mashimo, na Mama alikuwa akivuka na kikombe cha chai mkononi bila kumwaga. Kisha wakaipanua, wakamwaga lami safi, na siku ya ufunguzi tukapiga makofi. Makofi yale nayadai mpaka leo! Walichora na mistari ya watu kuvukia, lakini mvua na matairi viliila, ikabaki alama moja ambayo mgeni angedhani ni chokaa iliyomwagika. Tangu hapo hakuna gari linalosimama. Mimi nina miguu, nainua sketi na kutimua mbio. Mama Mdogo ana nyonga mbovu, hatoki kibarazani kwake. Mama naye anatembea, lakini magoti yake hayataki haraka.

Mara ya mwisho nilimshika mkono tukajaribu. Tulikwama katikati, magari yanapita mbele na nyuma, na pikipiki moja ikamkwepa kwa karibu mno hata akapoteza kiatu. Tulirudi tulikotoka, yeye mguu mmoja peku.

"Sivuki tena," akasema.

"Basi nitakukodia teksi, Mama."

"Nikodiwe gari nivuke barabara? Kwani mimi ni kabati?"

Ndiye huyo Mama. Akishasema, amesema.

Sisi wa upande huu hatukukaa kimya. Kinyozi ambaye duka lake linapakana na langu, mimi, na muuza nyama wa kona tulianza kusimama pembezoni mwa barabara na mabango, asubuhi kabla ya kufungua kazi. Tulijiwekea masharti: hakuna matusi, hakuna kumzuia mtu, hakuna kurusha hata ganda la ndizi. Bango langu lilisema, "Punguza mwendo, mama zetu wanavuka." Madereva walitupigia honi kwa furaha. Mmoja alishusha kioo akauliza tunauza nini. Kinyozi akamwambia tunauza breki, naye akajibu anazo, asante, akaondoka kasi. Kwenye ofisi ya barabara nako, tulipokwenda kuomba mistari ichorwe upya, walitupokea vizuri sana, wakatupa viti, wakatueleza kwamba rangi ipo kwenye mpango. Nilitoka pale nimepandwa na hasira hadi nikashindwa kutia uzi kwenye sindano siku nzima.

Kisha ikaja simu ya Mama Mdogo. Mama hupenda kuiweka kwa sauti ili asilazimike kuishika sikioni, kwa hiyo sote dukani tulisikia.

"Dada, mwanangu anakuja kunichukua Jumamosi. Nahamia kwake."

Mwanawe, ambaye mimi namwita Kaka, anaishi mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima.

"Kwa nini?" Mama akauliza.

"Anasema niko peke yangu."

"Uko peke yako vipi na mimi niko hapa?"

"Uko hapo, dada. Hapa hupo."

Mama akakata simu. Akanyanyuka, akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta wa duka. Sijawahi kumwona akiipa barabara mgongo. Nilimwangalia mabega yale yaliyoinama, moyo ukaniuma kweli. Wale wawili wakitenganishwa kwa umri wao, hawataonana tena, na kila mtu mle dukani alijua hivyo bila kusema.

Kinyozi ndiye aliyetoa wazo. Alikuwa mlangoni kwake akimvalisha mteja lile shuka jeupe la kunyolea, akalikung'uta hewani, akabaki amelishika vile vile.

"Fundi! Kama hawana rangi, si tushone mistari?"

"Tushone nini?"

"Mistari! Nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Tukunje kama mkeka. Mtu akitaka kuvuka tunatandika, akivuka tunakunja."

Mteja wake alicheka nusura adondoke kitini. Mimi sikucheka. Mimi tayari nilikuwa natafuta mkasi.

Alfajiri, magari yakiwa bado machache, mimi na muuza nyama tuliipima barabara kwa futi yangu ya kazini, ile ya kupimia viuno. "Huyu mteja ni mnene," muuza nyama akasema, "na hataki kutulia." Nikachukua kitambaa kizito cha pamba, cheusi na cheupe, watu wa mtaani wakaniongezea vipande walivyokuwa navyo majumbani, nikaanza kukata. Cherehani ililia kutwa. Wanafunzi wangu wawili walishika ncha, mimi nikapitisha mshono. Kufika jioni kitu kilikuwa kimekamilika, upana wa milango miwili, urefu wa barabara nzima pamoja na pindo.

Alhamisi tukakitandika kwa mara ya kwanza. Muuza nyama alisubiri magari yapungue, akainua mkono, tukakiviringisha mbio kutoka ukingo mpaka ukingo. Kilifika barabara, kama suruali iliyopimwa na fundi mwenye akili. Magari yakasimama! Sijui kama ni kwa heshima au kwa mshangao, lakini yalisimama. Mwalimu akavuka na wanafunzi wake, mama mwenye mapacha akavuka bila kukimbia, na kila aliyefika ng'ambo aliwageukia madereva akawainamia kwa shukrani, kwa sababu hilo nalo lilikuwa sharti letu. Dereva wa lori alitabasamu akashindwa kuficha. Kuna mtu hajawahi kushukuriwa barabarani tangu apate leseni.

Askari wa barabarani alikuja amevimba.

"Nani kawaruhusu kufunga barabara?"

"Hatujaifunga, afande," kinyozi akamjibu kwa upole wote alionao. "Tumeitandikia tu."

Askari alijitahidi kununa. Kisha akamwona mzee mmoja na fimbo yake amesimama ukingoni anasitasita, akashusha pumzi, akaenda katikati ya barabara, akasimamisha magari mwenyewe. Kesho yake alikuja mapema kuliko sisi.

Mama aliyatazama yote hayo kwa siku mbili. Kiti kilikuwa kimegeuka tena kuelekea barabarani, ingawa yeye alidai ni kwa sababu ya jua. Ijumaa jioni akaniita.

"Kesho nitavuka. Lakini sikilizeni. Nakanyaga mistari tu. Lami ni yao, mistari ni yetu."

"Sawa, Mama."

"Na kitambaa ni kichafu. Siendi kwa mdogo wangu kwa kukanyaga uchafu."

Ilikuwa kweli, kilikuwa kimekanyagwa na nusu ya mji. Nikakifua kwa furaha, nikakianika, nikakikunja. Hapo ndipo nilipojimaliza. Wanafunzi wangu nawapigia kelele kila siku ya Mungu: pamba inalowekwa kabla ya kukatwa, ipungue ikiwa bado kitambaa, isije ikapungua ikiwa tayari nguo ya mtu. Na mimi, kwa haraka yangu ya kuiwahi Jumamosi, nilikuwa nimekata kikavu kama kilivyotoka dukani.

Jumamosi asubuhi Mama alitoka na fimbo mkononi, amevaa gauni lake la bluu na viatu vya kufunga kamba, kwa sababu pikipiki haitamvua tena. Ng'ambo, Mama Mdogo alikuwa amesimama kibarazani ameshika nguzo, na nyuma yake mabegi yamepangwa. Askari akainua mkono. Magari yakasimama pande zote mbili. Tukaviringisha.

Kitambaa kikaishia kabla ya ukingo. Pengo lilikuwa kubwa, hatua mbili za Mama, labda zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja alinitazama, akatazama chini haraka. Nilitamani lami inimeze.

Lakini Mama alikuwa ameshaanza. Fimbo, mguu, mguu. Nyeusi, nyeupe, nyeusi. Nilitembea kando yake bila kumgusa, maana alishanikataza. Gari moja la kijivu, la mbele kabisa, likapiga honi ndefu. Mama akaliinulia fimbo bila hata kuligeukia, akaendelea. Nikasikia watu wakicheka nyuma yetu, nami nikacheka, machozi yakinilenga.

Akafika mstari wa mwisho, mweupe. Akasimama.

"Kimeisha," akasema.

"Kimepungua, Mama. Ni kosa langu, sikukiloweka. Ni hatua mbili tu, nishike."

"Nilisema nakanyaga mistari."

"Mama jamani, magari yanasubiri."

Akabaki pale pale. Nilidhani ni ule ukaidi wake, nikataka kupandisha sauti, ndipo nikaona anavyogusa lami kwa ncha ya fimbo na kuirudisha haraka kwenye mstari. Haukuwa ukaidi. Mama yangu alikuwa anaogopa. Alikuwa anaitazama lami ile tupu kama siku ile alipopoteza kiatu, na mdogo wake yuko mbele yake, karibu kiasi cha kuhesabu vifungo vya blauzi yake.

Kinyozi akaja mbio na shuka lake jeupe. Nyuma yake alikuja mteja mwenyewe, amenyolewa upande mmoja, hataki kupitwa na mambo. Kinyozi akainama kulitandika.

"Nyeupe baada ya nyeupe?" Mama akamwuliza. "Mstari gani huo?"

"Mama, ni dharura..."

"Inatakiwa nyeusi."

Muuza nyama alijitazama: koti lake la kazi jeupe. Askari akajitazama: sare nyeupe. Mimi nilikuwa na gauni la njano. Mlango wa gari la kijivu ukafunguliwa, akatoka mtu amevaa koti jeusi la safari, uso umekunjamana, tayari kutoa maneno. Kisha akatuona vizuri, uso ukabadilika.

"Mama Mkubwa? Ni wewe?"

Ilikuwa ni Kaka, mtoto wa Mama Mdogo. Amekuja kumchukua mama yake.

"Ni mimi," Mama akamwambia. "Na honi yako nimeisikia. Goti ndilo bovu, masikio ni mazima."

Kaka alimtazama Mama Mkubwa huyu aliyemlea likizo zote za utoto wake. Akamtazama mama yake aliyeng'ang'ania nguzo ya kibaraza huku analia na kumkaripia kwa pamoja: "Wewe unapigia nani honi? Nani kakufundisha?" Akavua koti. Akalitandaza mwisho wa kitambaa, akalinyoosha mikunjo kwa viganja, na kinyozi akafuatisha shuka lake mpaka ukingoni.

Mama akakanyaga nyeusi. Akakanyaga nyeupe. Akapanda kibaraza.

Wale wawili walishikana hawaachani. Dereva wa lori akapiga makofi juu ya usukani, na mtaa ukalipuka kwa vigelegele. Mama Mdogo alimpapasa dada yake mashavu, mikono, mabega, kama anayehakikisha kwamba hakuna kilichopungua njiani. Mama akajifuta macho, akatupa jicho dirishani.

"Pazia lako limefifia. Kutoka kule nilidhani ni jua."

"Ingia ndani, chai inapoa. Nimekuwekea tangu ulipoanza kuvuka."

Tulikunja kitambaa, tukawainamia madereva, askari akaruhusu magari. Kaka aliliokota koti lake, akalikung'uta, akaingiza mkono mmoja.

"Mama, tukianza safari sasa tutafika kabla ya giza."

Mama Mdogo aligeuka mlangoni, bado amemshika dada yake mkono.

"Vua hilo koti."

"Mama?"

"Vua, umpe dada yako alishone pale mwisho wa kitambaa. Mama Mkubwa wako atarudi vipi jioni? Na kesho atakuja vipi?"

Kaka akayatazama mabegi, akatutazama sisi. Kisha akavua koti, akanipa, akaanza kuyarudisha mabegi ndani moja moja.

Safari hii niliweka maji kwenye beseni, nikaliloweka koti kwanza.