Nywele za Ivyne

Katika saluni ya Namalwa pale Kabiria, Nairobi, hakuna mteja aliyeketi kitini bila kusimuliwa habari za meli. Hata ungekuja kusuka mabutu ya haraka ya kuendea kanisani, ungetoka ukijua kwamba upepo wa baharini hukausha nywele kuliko jua la Januari, kwamba kiyoyozi cha melini ni adui wa ngozi, na kwamba kuna msichana wa Bungoma, mdogo wake Namalwa wa damu, anayewaosha Wazungu vichwa huko katikati ya bahari. Wateja walikuwa wameichoka meli hiyo. Namalwa hakuichoka, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi hata siku moja kutia mguu baharini.

Mdogo huyo aliitwa Ivyne. Namalwa ndiye aliyemsuka tangu utotoni, akimbana kichwa katikati ya magoti na kumchapa kofi la bega kila akitikisika. Ndiye aliyemfundisha kazi ya ususi baadaye. Kwa hiyo mwaka wa 2006, kampuni moja ya meli za kitalii ilipomchukua Ivyne akafanye kazi kwenye saluni ya melini, Namalwa alitamba mtaa mzima, kutoka Kabiria hadi Satellite, kana kwamba meli yenyewe ni ya baba yao.

Ivyne aliondoka na nywele za dawa, ndefu, zinang'aa. Haikupita miezi miwili akapiga simu kutoka bandari fulani ya Italia, analia.

"Siz, nywele inakatika! Nikichana, chanuo inajaa. Na uso unabanduka kama ngozi ya kiazi."

"Wacha kulia unisikize," Namalwa akamwambia. "Unaogelea kwa bwawa yao?"

"Wakitupea off."

"Basi kabla uingie, lowesha nywele na maji safi mpaka ishibe. Nywele ikishashiba, haitakunywa ile dawa ya bwawa. Ukitoka, osha hapo hapo, usingoje jioni. Mafuta ya nazi kwa ncha. Usilale bila kitambaa, ile laini inateleza. Na hiyo dawa ya kunyoosha wachana nayo kabisa. Hakuna mtu huko anajua kichwa yako."

"Si nitakaa mshamba?"

"Kaa mshamba mwenye nywele."

Ivyne akacheka huku bado anavuta kamasi. Tangu hapo, kila meli ilipotia nanga mahali, simu ya Namalwa ililia kwa namba ndefu isiyoeleweka, naye angeacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, akatoka nje kutoa ushauri. Ivyne hakuwa na simu ya kupigiwa huko. Yeye ndiye aliyepiga, na alimpigia Namalwa tu. Nazi ikiisha, tumia mafuta ya zeituni, si uko kwao? Jua la baharini linakupiga mara mbili, likitoka juu na likiruka kutoka kwa maji, kwa hivyo paka ile krimu ya jua hata kama wewe ni mweusi. Vaa glavu ukiosha watu, mikono yako isipasuke. Ivyne alifuata yote. Nywele zikaanza kuota upya kutoka kwenye shina, nzito, za asili, kama alivyozaliwa nazo.

Wakati huo mama yao alikuwa ameletwa Kabiria kutoka Bungoma, miguu imevimba. Sukari ilikuwa imeshika figo. Mwanzoni alizungumza na Ivyne kwenye simu, akajikaza, akamwambia ni miguu tu inayomsumbua, akamuuliza kama huko majini wanakula ugali. Simu ikikatwa alijilaza na kutweta. Akamwonya Namalwa, "Usimwambie huyo mtoto kitu. Ataruka ndani ya maji aje na miguu. Mwache amalize kandarasi."

Namalwa akatii, na mpaka hapo hana lawama.

Lakini ugonjwa ulipomzidi mama, maneno yake yalibadilika. Alilala wodini, macho mlangoni, na kila Namalwa alipoingia aliuliza, "Ivyne umekuja naye?" Namalwa alimjibu kwamba yuko njiani. Alimpaka mama mafuta miguuni, akamchana nywele chache zilizobaki, akamwambia yuko njiani. Angeweza kumwambia Ivyne simu iliyofuata. Kulikuwa na wakati, kulikuwa na ndege, na huko melini watu hufiwa na kuuguliwa na hupewa ruhusa. Sababu za kunyamaza alikuwa nazo tele: mtoto yuko peke yake ugenini, akitoka kabla ya kandarasi kuisha hatachukuliwa tena, na mama mwenyewe si alikataza? Zote zilikuwa sababu nzuri, na hilo ndilo linaloudhi. Chini yazo kulikuwa na nyingine asiyoitaja. Ivyne alikuwa ndiye habari njema ya pekee katika maisha ya Namalwa, na hakutaka kuwa yeye wa kuiharibu.

Mama akafa asubuhi moja, macho yake yakiwa bado kule mlangoni.

Mwili ulisafirishwa Bungoma. Mjomba Shem, kaka yake marehemu, akauliza mbele ya watu, "Ivyne ameambiwa?" Namalwa akajibu kwamba ameambiwa ila amenyimwa ruhusa. Neno lilimtoka hivyo, jepesi, na lilipokwisha kutoka halikurudi. Watu wakaguna. Shangazi yao, ambaye wote walimwita Senge, akasema kazi gani hiyo ya kumfanya mtu asimzike mamake.

Siku ya maziko, jeneza liko uani na akina mama wanalia kwa sauti, simu ya Namalwa ikalia kwa namba ndefu. Akakimbilia nyuma ya jikoni.

"Siz! Tuko Marseille! Mbona kuna kelele?"

"Ni jirani amefiwa. Niko nyumbani, nimeleta mama."

"Woi, pole yao. Mama amepona? Nipe nimsalimie."

"Ametoka kidogo. Ameenda na wamama wa kanisa."

"Mwambie nimemnunulia krimu ya miguu. Haki ya Mungu, miguu yake itakuwa ya mtoto. Siz, sikiza, jana tulienda beach, nikaingia kwa maji ya chumvi bila kulowesha nywele kwanza. Nimejiharibu?"

Namalwa akaegemea ukuta wa jikoni. Kule uani mchungaji alikuwa ameanza kuomba. Namalwa alibana pua kwa leso ili sauti isipasuke, akaanza kueleza: ioshe mara mbili na maji ya uvuguvugu, upake mafuta, ufunge na taulo yenye moto, ukae nayo mpaka ipoe. Alieleza polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu alijua akinyamaza tu atalia. Ivyne akamshukuru, akamwambia yeye ni daktari. Namalwa alirudi uani wakati wanaliinua jeneza.

Kwao, siku ya tatu baada ya maziko, jamaa hunyolewa vichwa, na watoto wa marehemu hunyolewa pamoja. Namalwa, ambaye mikono yake ilikuwa imeshika vichwa vya nusu ya Kabiria, aliketi kwenye kigoda, Senge akamnyoa kwa wembe na maji baridi. Nafasi ya pili, ya kitinda mimba, haikukaliwa na mtu.

Alirudi kazini akiwa na wigi. Msusi mwenye kipara hawezi kumuuzia mtu mtindo, aliwaambia wateja akicheka, na wateja wakacheka naye. Habari za meli zilipungua. Kwenye simu alimwambia Ivyne kwamba mama amebaki Bungoma, na kwamba kule mtandao ni shida. Akajiapiza kwamba Ivyne akirudi, siku hiyo hiyo atamketisha na kumwambia yote.

Siku ikafika. Ivyne alishukia Mombasa, akapanda basi hadi Nairobi, na asubuhi wakakutana River Road. Namalwa hakumtambua kwa haraka. Aliona kwanza nywele: nyeusi, nzito, zimefungwa nyuma na bado zinajaa mabega. Ngozi yake ilikuwa laini, haina hata doa. Ivyne alimrukia shingoni, wakayumba pamoja katikati ya watu na mikokoteni, na kwa muda mfupi sana Namalwa alikuwa na furaha.

Wakaingia hoteli ya chai. Ivyne hakunyamaza. Akafungua begi juu ya meza, akatoa kopo la bluu.

"Ya miguu ya mama. Wazungu wananunua hii kama wazimu. Tukimaliza chai tukate tiketi twende Bungoma leo leo, nimpake mwenyewe." Akageuza kichwa huku na huku. "Na umeona kazi yako? Shika! Shika uone. Wenzangu wote walikatika nywele, mimi pekee nilirudi na nyingi kuliko nilizoenda nazo."

Namalwa akazishika. Zilikuwa nzima, ncha hadi shina. Maneno aliyoyapanga wiki nzima akayaahirisha, akazilaza nywele begani.

"Na hii wigi?" Ivyne akasema. "Wewe na wigi wapi na wapi? Si ulikuwa unasema ni ya watu wavivu?"

Akanyoosha mkono kwa utani, akaliinua pembeni. Kidole chake kikapita chini. Nywele zilizokuwa pale zilikuwa fupi, za urefu mmoja kichwa kizima, kama nyasi zilizofyekwa siku moja na kuota pamoja. Mwingine angedhani ni mtindo, au ni mapunye. Ivyne alikuwa mtoto wa Bungoma. Mkono wake ukabaki pale pale.

"Siz, ni nani?"

Namalwa alitazama kikombe.

"Namalwa." Hakuwahi kumwita kwa jina kabla ya hapo. "Nani amekufa?"

"Mama."

Mhudumu aliyekuwa akija na mandazi aliziona nyuso zao, akarudi nayo.

"Lini?"

"Ile siku ulipiga ukiwa Marseille. Tulikuwa tunamzika."

Ivyne alikuwa anairudia simu ile, neno kwa neno. Namalwa aliyaona yakipita usoni mwake, jirani aliyefiwa, wamama wa kanisa, taulo yenye moto.

"Ni mama alisema nisiambiwe?" akauliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

Hapo ndipo Namalwa angeokoka. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na Ivyne mwenyewe ndiye aliyeushikilia. Neno moja tu, ndiyo, na lilikuwa karibu kabisa na ukweli. Wangelia pamoja, wakakumbatiana, wakapanda basi moja. Alilifikisha mpaka kwenye ulimi. Kisha akaona macho ya mama yake wodini, na akashindwa kumsingizia.

"Mwanzo alisema. Lakini akizidiwa..." Akakisogeza kikombe kando. "Alikuwa anakuuliza. Kila nikiingia. Nikamwambia uko njiani."

"Njiani."

"Na nyumbani niliwaambia ulijua. Kwamba ulinyimwa ruhusa."

Ivyne akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mambo ya ukoo mwingine.

"Nilikuuliza nywele, ukanijibu vizuri," akasema. "Nikakuuliza mama, ukanijibu na sauti ile ile. Ile ile, Namalwa. Mimi ningejuaje?"

Akainuka, akachukua begi. Kopo la bluu akalirudisha ndani. Namalwa akalipia chai mbio mbio, akamfuata nje, akamwona akipanda ngazi za jengo la jirani ambako kulikuwa na kinyozi wa wanaume. Alipofika juu, Ivyne alikuwa tayari kitini, kitambaa kimefungwa shingoni.

"Madam, zote?" kinyozi akauliza. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. "Nywele kama hizi? Si nipunguze tu kidogo?"

"Zote."

"Ivyne," Namalwa akasema. "Hii ni kazi ya mtu wa nyumbani. Ngoja tufike, Senge akunyoe. Ama mimi. Wacha nikunyoe mimi, tafadhali."

Ivyne alimtazama ndani ya kioo. Hakuwa hata na hasira, na Namalwa angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Mtu wa nyumbani ni nani?" akauliza, kisha akamwambia kinyozi aanze.

Mashine ikanguruma. Nywele zikaanguka kwa mafungu, za bandari za Napoli na Barcelona, za mafuta ya nazi na kitambaa cha kulalia. Namalwa alisimama mlangoni akilia bila kujificha, na wanaume wawili waliokuwa wakingoja zamu wakainamisha macho kwenye gazeti. Ivyne hakulia. Alilia tu kichwa kilipokwisha kuwa kitupu, alipojigusa utosini, na alilia kama mtoto mdogo, akiita mama. Kinyozi, mtu baki kabisa, ndiye aliyemshika bega.

Baadaye alijipangusa uso, akasimama. Alipogeuka, Namalwa akaona kijifungu kidogo cha nywele kimesahauliwa nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo mtu hawezi kujiona mwenyewe. Vidole vyake vikainuka vyenyewe. Tangu utotoni Ivyne hakuwahi kumtoka mkononi na kichwa ambacho hakijamalizika.

"Hapo nyuma pame..." akaanza.

Ivyne akampisha kwa adabu, kama unavyompisha mtu usiyemjua kwenye ngazi, akashuka na begi lake kwenda kukata tiketi moja ya Bungoma.