Honi ya Rangel Kwenye Kilima cha Nevena

Rangel alipong'oa injini ya petroli kwenye jipu lake la Kirusi na kupachika ya dizeli, aliyoitoa kwenye gari la mikate lililoacha njia kule mjini Devin, kijiji kizima cha Gorni Dryan kilimpa pole mapema. Jipu lilikuwa na miaka arobaini na moja, Rangel hamsini na sita, na wote wawili walisifika kwa ukaidi. Lakini injini ikawaka siku ya kwanza. Ikanguruma, ikatema moshi mweusi, ikatulia. Rangel akakatiza kijijini mara tatu bila shughuli yoyote, kiwiko dirishani.

Balaa lilianzia kwenye kilima cha Nevena.

Kilima hicho ndicho kikali kuliko vyote pale kijijini, tena kina kona katikati, na konani ndipo lilipo lango la Nevena, mjane mfuga nyuki mwenye ulimi uliomfanya hata mkaguzi wa misitu apite njia ya nyuma. Rangel alipofika konani akiwa kwenye gia ya pili, honi ililia yenyewe. Paaaa! Alipovuka kona, ikanyamaza. Kesho yake vilevile. Asubuhi akishuka, kimya. Jioni akipanda, paaaa!

Siku ya kwanza Nevena alitoka na ufagio. Siku ya tatu alitoka bila ufagio. Wiki ya pili alitoka amejifunga kitambaa kipya cha kichwani, na vikongwe waliokuwa kwenye benchi wakaacha kusokota sufu, wakatazamana. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Rangel, ambaye akiongea na mwanamke hutazama viatu vyake mwenyewe, alitamani ardhi ipasuke immeze. Alibadilisha kitufe cha honi, wapi. Akachomoa fyuzi, na taa za breki nazo zikafa, maana zilitumia fyuzi hiyohiyo, ikabidi airudishe. Maji yalipomfika shingoni akaenda kwa shemeji yake.

Stamena, mjane wa kaka yake, alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na minane mjini Sofia akiwa fundi umeme wa tramu kabla ya kurudi kijijini na kisanduku cha vifaa kilichomzidi uzito. Siku hiyo alikuwa uani akichoma pilipili za kuweka kwenye chupa.

"Shemeji, gari lina shoti."

"Gari, au wewe?"

"Usianze."

"Mimi sijaanza. Vikongwe ndio walioanza. Wameniuliza harusi ni lini."

Rangel akawa mwekundu kuliko pilipili. "Naapa sijagusa honi! Inalia yenyewe, tena pale tu."

"Pale tu? Mbele ya kanisa hailii?"

"Hailii."

"Kwa meya?"

"Hailii, nimekwambia!"

"Shoti yenye macho hiyo," Stamena akasema, akifuta mikono. "Hebu fungua boneti."

Alichokikuta chini ya boneti kilimfanya apige ishara ya msalaba. Nyaya za jipu na nyaya za gari la mikate zilikuwa zimesukwa pamoja kama nywele za bibi harusi, nyingine zimeungwa kwa plasta ya vidonda.

"Plasta, Rangel?"

"Tepu iliniishia."

"Basi ungezipa na dawa ya homa."

Lakini kazini Stamena hakuwa na mzaha. Kwenye magari ya zamani, alimweleza, honi ina umeme muda wote. Inachosubiri ni waya wake wa pili uguse bodi. Ukibonyeza kitufe unaugusisha. Sasa kuna mahali waya huo unagusa bodi bila ruhusa ya mtu. Akauchomoa kwenye usukani. Kisha akaing'oa honi, na mahali pake akafunga balbu ndogo yenye nyaya ndefu, akaipitisha dirishani na kuitundika kwenye kioo cha mbele.

"Tupande kilima. Balbu ikiwaka, jini limegusa."

Wakapanda. Balbu ilining'inia, giza tupu. Jipu lilipoingia konani na Rangel akakanyaga mafuta, injini ikalala upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta, na balbu ikawaka pwaa! Honi haikuwepo, kwa hiyo jipu halikupiga kelele.

Na ndipo Stamena alipomwona Nevena. Alikuwa amesimama langoni na kitambaa chake cha maua, mkononi sahani ya banitsa, andazi la jibini, inayofuka moshi. Alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu. Jipu lilipopita kimya, tabasamu likaganda, kisha likaanguka. Rangel hakuona; alikuwa akitazama balbu.

"Imewaka!" akapiga kelele. "Umeona, shemeji? Umeona?"

"Nimeona," Stamena akajibu. Aliona mengi kuliko alivyosema.

Walirudi uani. Stamena akachukua gogo la mwaloni, akaliingiza kati ya injini na chasisi, akamwambia Rangel aliegemee. Injini ikainama, balbu ikawaka. Akiachia, inazima. Stamena akaufuata waya kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye mgongo wa paka, hadi nyuma kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Hapo waya ulikuwa umebanwa katikati ya chuma cha injini mpya na ukuta wa gari. Plastiki ilikwisha kuliwa, shaba inang'aa. Kila injini ilipolala ilikuwa ikiufinya.

Angeweza kuuacha. Kwa sekunde kadhaa alifikiria hivyo hasa. Lakini mwanamke aliyetengeneza tramu hawezi kuacha waya uchi, hata kwa ajili ya mapenzi. Akakata, akaunga, akauvika mpira, akaupitisha mbali na injini. Akarudisha honi na kila kitu mahali pake.

"Imepona kabisa?" Rangel akauliza.

Stamena akafunga boneti na kutazama milima. "Unajua shoti za namna hii, shemeji. Zina kiburi. Siku yoyote inaweza kurudi."

Jumanne na Jumatano jipu lilipanda kilima kimyakimya. Alhamisi Nevena akaingia uani kwa Stamena bila kubisha hodi.

"Mdogo wa mumeo ana nini?"

"Kafanya nini tena?"

"Hajafanya! Wiki mbili nzima ananipigia honi, ninaacha nyuki zangu nitoke kama mwehu, sasa anapita kama gari la maiti! Nimemkosea nini?"

Stamena akajing'ata ulimi kwa nguvu. "Labda umuulize mwenyewe."

"Nimuulize? Mimi?" Nevena akaondoka kwa hasira, na kuku wakampisha.

Ijumaa jioni, kutoka kilimani: paaaa! Halafu, baada ya kimya kifupi, paa-paa! Jumamosi asubuhi Rangel akaja, macho kwenye viatu.

"Shemeji, ulisema kweli. Imerudi."

"Masikini," Stamena akasema. Akatoa balbu, akatoa gogo, akamtoa jasho Rangel saa nzima akisukuma injini huku na huku. Balbu haikuwaka hata chembe. Waya ulikuwa umelala salama ndani ya mpira wake.

"Ajabu," akasema Stamena. "Lakini nimeigundua shoti."

"Iko wapi?"

"Kwenye kidole gumba cha mkono wako wa kulia."

Rangel akakificha mfukoni.

"Nenda," Stamena akamwambia kwa upole. "Ukifika konani, zima injini, vuta breki ya mkono, na ushuke. Mtu hali banitsa kwa honi."

Alikwenda. Nevena alimwacha asimame langoni kwa muda wa kumtosha adhabu, kisha akamwuliza injini ile ilitoka wapi. Basi mtu asiyejua kuongea akaongea mpaka kahawa ikapoa: gari la mikate, boliti zilizogoma, raba za injini zilizochoka. Nevena alimsikiliza hadi mwisho.

"Inaweza kuvuta mizinga kumi na miwili mpaka malishoni juu?" akauliza.

"Hata ishirini," akasema Rangel, na safari hii alimtazama usoni.

Waliipandisha siku ya Enyovden, sikukuu ya kiangazi, alfajiri, mizinga imefungwa kwa kamba. Stamena alilazimishwa kwenda nao kushikilia ya nyuma. Aliumwa na nyuki mara nne, na hao wawili kule mbele, wakibishana kuhusu gia, hawakumsikia akipiga mayowe.