Ukukwi kwenye Makuti

Hanifa alikuwa akisuka kuti la ishirini aliposikia mumewe akipiga ukemi nyuma ya nyumba. Kheri alikuwa ameingiza mkono kwenye rundo la makuti makavu lililoegemezwa ukutani, na mkono umetoka na damu kidoleni. Nyoka wa kijani alikuwa juu ya rundo, kichwa juu, anawatazama.

"Hongo huyo!" Jirani yao Kombe alikwisha kufika, panga mkono huu, wembe mkono ule, mpira wa baiskeli shingoni. Hapa kijijini Bongwe ndivyo tulivyolelewa, jamani: mtu akiumwa, mfunge, mchanje, kisha muue nyoka. Na kila nyoka wa kijani kwetu ni hongo, yule mwenye sumu ya kuua.

"Usimguse mume wangu."

"Mama Swabir, atakufa huyu!"

"Na ukimchanja ndiyo atapona? Shemeji, weka wembe chini."

Mwezi uliopita Hanifa alihudhuria mafunzo ya nyoka pale shuleni, watu wakamcheka eti kafuata soda. Huko aliambiwa aliyeumwa hafungwi wala hachanjwi. Atulizwe, akimbizwe hospitali, na nyoka aachiwe njia. Akampiga nyoka picha kwa simu, kwa mbali, akamvua Kheri pete kabla kidole hakijavimba. Moyoni alikuwa na hofu tele. Kheri akifa, mji mzima utasema mkewe ndiye aliyemuua.

Bodaboda iliwashusha zahanati. Karani Japheth hakuinua hata macho.

"Nyoka iko wapi?"

"Tumemwacha aende zake."

"Sasa bila nyoka nitaandika aje? ID iko?"

"Mwanangu, aliyeumwa ni mtu, si kitambulisho!"

Kwa zile kelele nesi Rispah akatoka. Akaivuta picha ikawa kubwa. "Mwembamba, macho makubwa. Huyu ni ukukwi, mama, hana sumu. Lakini kaeni nimwangalie mpaka saa nane."

Wakakaa. Kidole hakikuvimba, kope hazikulegea. Saa nane Kheri akauliza kama hapa hapauzwi hata mahamri, na Hanifa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alhamdulillahi! Mwili wote ukawa mwepesi.

Walipokuwa wakiaga Hanifa akauliza, "Na angekuwa hongo kweli?"

Rispah akashusha sauti. "Dawa yake hatuna. Tangu kabla ya Ramadhani tunaandika barua za kuiomba. Ningewapa rufaa, na gari la wagonjwa halina mafuta."

Hanifa akamwambia Kheri amngoje, akarudi kwenye dirisha la karani.

"Umeandika nini hapo?"

"Amepona, ameruhusiwa."

"Ongeza kwamba dawa ya nyoka haikuwepo."

"Hiyo haina mahali pake kwa kitabu, mama."

"Pembeni pana nafasi. Siondoki."

Japheth akamtazama nesi, akitumai atamfukuza mwanamke huyu. Rispah akaichukua kalamu mkononi mwa karani, akaandika mwenyewe, akatia tarehe na sahihi.