Mkono wa Jioni

"Je, mwombaji anaweza kufunga vifungo vya shati lake bila msaada?" mkewe aliuliza, miwani imemshukia puani, sauti ameikaza kama mwenyekiti wa jopo la rufaa.

"Naweza," alijibu Rula.

Mkewe aliivua miwani, akaiweka juu ya meza ya jikoni. Akalitazama shati la mumewe, vifungo saba ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amevifunga asubuhi ile kabla maji ya chai hayajachemka. "Basi rufaa imekufa, baba watoto. Kanywe chai."

Ilikuwa mara ya tatu kufanya mazoezi, na kikao kilibakiza siku mbili. Kila swali likianza na "unaweza", mdomo wa Rula ulimtangulia. Kwa miaka arobaini ya kuandika mabango, watu walikuwa wamemjia na maswali ya namna hiyo: unaweza kulimaliza bango hili kabla ya Ijumaa, unaweza kuliingiza jina lote la duka kwenye mlango mwembamba kama huu? Aliitika kwanza, akafikiri baadaye, na kazi ikatoka. Jina la Rula alipewa na wateja, kwa sababu alipiga mstari ukutani kwa jicho tu. Waliokuja na rula kumhakiki waliondoka nayo kimya.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni alisingizia baridi. Sasa kikombe kilimwagika kabla hakijafika mdomoni, na kuanzia mchana brashi ilikwenda inakotaka yenyewe. Ilibaki nusu saa ya asubuhi, baada ya kumeza dawa, ambapo mkono ulitulia.

Fomu ya kuomba posho ya ulemavu aliijaza katika nusu saa hiyo ya kila asubuhi. Mkewe alijitolea kumwandikia, akakataa. Karatasi yenye jina lake haikuwahi kutoka nje na mwandiko wa mtu mwingine. Kwa asubuhi kumi na moja aliegemeza kiwiko kwenye fimbo yake ya kazini, ya kutulizia mkono ukutani, iliyofungwa kitambaa nchani, akaandika kurasa nne. Palipomtaka aeleze jinsi mkono ulivyoshindwa kazi, alieleza kwa herufi zilizonyooka, hakuna hata moja iliyomwegemea mwenzake.

Majibu yalikuja kwa barua. Ombi limekataliwa. Sababu: mwombaji amejaza fomu mwenyewe kwa mwandiko safi na thabiti. Mkewe aliisoma amesimama, akakaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu alikumbuka zamu yake. Bila posho ile angeendelea kufua mashuka ya hospitali zamu mbili kwa siku, na magoti yake yalikwisha kumwambia kwamba hayatafika mwaka mwingine.

Mshauri wa sheria, binti mpole aliyewasaidia watu bila malipo, aliwaomba kitu kimoja tu cha kupeleka kwenye rufaa: ukurasa unaoeleza siku ya kawaida ya Rula, ulioandikwa jioni, bila fimbo, bila kurudiwa. Rula alikubali. Sasa, pale jikoni, mkewe aliomba auone.

Aliutoa kwenye bahasha. Mkewe aliusoma hadi chini, kisha akarudi juu, safari hii akitazama herufi badala ya maneno.

"Umeuandika saa ngapi huu?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Za jioni?"

Rula alikuna shingo. Akasema ukurasa unakwenda kwa watu, na yeye hajawahi kuwapa watu kazi chafu.

Mkewe aliukunja taratibu. "Mkono wa asubuhi unawapelekea watu," alisema. "Wa jioni unaniachia mimi."

Hakuwa na hasira. Alivaa viatu vyake vya kazini, akaenda kwenye zamu.

Rula alibaki na maneno yale mezani. Saa kumi ilipofika alichukua karatasi safi, akaisogeza fimbo mbali, akashika kalamu.

Mkewe aliporudi jua likizama alimkuta bado amekaa, jasho likimtiririka kama mtu aliyepandisha gunia ghorofani. Rula hakuificha karatasi. Aliisukuma upande wa pili wa meza. Mistari ilipanda na kushuka. Hapa na pale palikuwa na doa la wino, mahali kalamu ilipotua kupumua.

"Tazama nafasi," alimwambia. "Mwanagenzi huangalia herufi. Fundi huangalia nafasi iliyo katikati."

Mkewe aliinamisha kichwa upande, kama alivyomwona yeye akifanya mbele ya kuta. "Zimelewa," alisema hatimaye, "lakini zimepanga foleni."

Wakacheka wote wawili. Kisha Rula akaivuta karatasi kwake, na kwenye pembe ya chini kulia akatia alama yake ndogo, ile aliyoitia kwenye kila bango aliloona linafaa kutoka.

Kikao kilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliilaza fomu na ule ukurasa kando kwa kando, akauliza ni ipi aliyoiandika mwombaji.

"Zote, mheshimiwa," alisema Rula. "Hiyo ilinichukua siku kumi na moja. Hii ndiyo mimi wa kila siku."

Karani alileta daftari la mahudhurio, akanong'ona kwamba mke anaruhusiwa kumwandikia jina. Rula alimshukuru, akasema ataliandika mwenyewe.

Kalamu iligusa karatasi, ikaruka, ikarudi. Mkewe alinyoosha mkono ili alishike daftari lisiteleze, kisha akaurudisha mapajani na kukaa wima. Mwenyekiti alifunika kalamu yake, akaiweka chini. Herufi ya kwanza ilisimama, imepinda, imetimia. Wajumbe wote watatu waliinama mbele kidogo, wakaingoja ya pili.