Kozi ya Kuendesha Taratibu

Barua ya polisi ilikuja Jumanne. Kamera ya barabarani huko Edmonton ilinipiga picha nikienda maili thelathini na nane kwa saa mahali pa thelathini. Nichague: pointi tatu za adhabu kwenye leseni, au kozi ya nusu siku huko Croydon, nikafundishwe kwenda taratibu. Mimi, niliyeshika usukani miaka ishirini na mbili.

"Nenda kozi, Hafidh," alisema mke wangu, Ibtisam. "Utakaa kitini tu, na leseni itabaki safi."

Nikasoma karatasi iliyoambatana na barua. Ilisema kozini kila mtu ataulizwa siku ile alikuwa anawahi nini. Ilisema pia kwamba mtu akikimbiza gari mjini haokoi kitu, labda dakika mbili.

Nikatazama tena tarehe ya picha. Ilikuwa siku ya maziko ya kaka yangu, Muhiddin. Nilipofika makaburini, watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi.

"Tumemaliza sasa hivi," imamu aliniambia. "Umemkosa kwa dakika mbili."

Nikatia alama kwenye pointi, nikafunga bahasha.