Arubaini na Moja Mara Tatu

Mwanasaumu, fundi cherehani wa Chaani, alikuwa na miaka thelathini na mbili na watoto wawili alipoamua kurudia mtihani wa kidato cha nne. Kila jioni alikwenda darasa la watu wazima. Hesabu ndiyo iliyomtoa jasho, basi akanunua daftari la makosa: swali, mahali alipoteleza, na njia iliyo sawa. Kosa likishaingia humo, alilirudia mpaka likamtoka.

Mtihani wa kwanza wa majaribio, mwalimu Kalama alimpa arubaini na moja. Mwezi wa pili, arubaini na moja. Wa tatu, vivyo hivyo.

Siku hiyo hakuondoka. Alizitandaza karatasi zote tatu juu ya dawati, akazipitia swali kwa swali. Swali la pembetatu alilokosa mwanzo, safari hii alikuwa amelipata. Limekatwa kwa wino mwekundu. Ukurasa wa nne, ambao hakuandika kitu, ulikuwa na tiki mbili. Akaichukua ile ya tatu, akamwendea Kalama.

"Mwalimu, hii uliisoma?"

Kalama alikuwa akifunga mkoba. "Bi Mwanasaumu, nina wanafunzi sitini. Alama zisipopanda, ujue hapo ndipo mwisho wa uwezo wako."

"Uwezo wangu?" Sauti ilimtoka mpaka waliokwisha fika mlangoni wakarudi. "Ukurasa mtupu umeupa tiki! Miezi mitatu najiona mjinga, kumbe wewe husomi! Kaa. Isahihishe mbele yangu."

"Kesho basi..."

"Wallahi huondoki."

Kalama akakaa, akatoa kalamu. Alipomaliza zilikuwa hamsini na tatu. Maswali manne yalikuwa yameharibiwa na kosa lile lile: kila Mwanasaumu alipofungua mabano yaliyotanguliwa na ishara ya kutoa, hakuzigeuza ishara za ndani.

Mwanasaumu alilitazama kosa hilo, hata zile hamsini na tatu zisimfurahishe. "Hili ni jambo la dakika mbili. Ungenambia tangu mwezi wa kwanza."

"Niwie radhi, dada."

"Leo siwezi." Akawageukia wenzake. "Nani mwengine ana karatasi zake?"

Mikono ikainuka darasa zima.

Tangu hapo Kalama alisahihisha mbele yao, watu kumi kila jioni, akieleza kila alipokata. Mtihani wa nne Mwanasaumu alipata sitini na nne. Hakushukuru. Alichukua karatasi, akaketi, akazihesabu alama mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho.