Debe Ng'ambo ya Maji

Mtumbwi wa mwisho ulikuwa umekwisha kuyaacha mashamba ya Michenga, maji yameufika mpunga shingoni, Kandida aliposikia debe likigongwa huko nyuma. Ko, ko, ko. Kama mtu anayewinga ndege, na ndege wenyewe walishahama tangu juzi.

"Melkiori, kuna mtu kwenye dungu la kulindia mpunga."

Mpiga kasia hakugeuka. "Dada, usiitike. Kinachoita ng'ambo ya maji kina njaa. Si una orodha wewe? Isome."

Kandida, katibu wa kikundi cha wakulima, akafungua simu. Majina kumi na manne, yote yana alama ya kuvuka.

"Umeona? Simu haina mchecheto," Melkiori akacheka. Kicheko hakikufika mbali.

Ko, ko, ko.

Orodha aliitengeneza Wiliam, kijana wa ofisini Ifakara. Ni moja, ila ina mionekano mingi, kila mmoja ukionyesha baadhi ya majina, na ule alioupanga yeye kuwa wa mwanzo ndio unaomfungukia kila mtu. Kandida hakuwahi kugusa mwingine. Sasa akabonyeza pale juu palipoandikwa WOTE.

Kumi na matano.

La mwisho lilikuwa la bibi Levina wa Kisawasawa. Hana simu, na mwonekano wa mwanzo ulimchuja kila asiye na namba. Hakufutwa. Alifichwa tu, msimu mzima, na watu walidhani kasharudi kwao.

"Geuza."

"Dada, nakwambia..."

"Geuza, au nashuka naogelea!"

Wakamkuta juu ya kichuguu, kalowa chapachapa, rozari mkononi.

"Shikamoo bibi. Tumesikia debe lako."

"Marahaba. Debe gani, mjukuu wangu? La kwangu lilichukuliwa na maji jana. Mimi nilijua mnagonga ninyi."

Wakampakia, Melkiori akapiga kasia. Walipofika nchi kavu Kandida akahesabu watu, akahesabu majina. Kumi na watano, kumi na matano. Nyuma yao, ko, ko, ko.

Siku hizi bibi Levina anaishi kwa mwanawe Kisawasawa. Kanunuliwa simu, haiwashi. Wiliam alibadilisha, orodha sasa hufungukia WOTE. Melkiori aliuza mtumbwi, anachoma matofali Lipangalala. Kandida bado ni katibu. Maji yalipokauka walikwenda kutazama madungu. Yote yalikuwa yameanguka. Debe hawakuliona.